Ndege Warejeao Makwao

Dominika ya Nne ya Kwaresima, Mwaka C



Bwana wetu alipokuwa akiwafundisha wanafunzi wake juu ya mahangaiko ya maisha, aliwapa amri moja ambayo kwa kawaida twaipita haraka tunapoisoma sura ya sita ya Injili ya Mathayo. Aliwaamuru wawatazame ndege wa angani. Sisi huyakimbilia maneno yanayofuata, yaani faraja ya kwamba Baba huwalisha ndege wasiolima wala kuvuna, na kwamba sisi tu wa thamani kuliko wao. Faraja hiyo ni ya kweli. Lakini kabla ya faraja ilitangulia amri, na amri yenyewe ni kutazama. Leo tunakusudia kuitii amri hiyo kwa dakika chache, tukiwatazama ndege wa kwetu Mara, ili watufikishe kwenye Injili ya Dominika hii, Injili ya baba aliyemwona mwanawe akirudi.

Mwezi wa Machi ni mwezi mwema wa kutazama ndege kando ya maji yetu. Katika fukwe za mchanga za Ziwa Viktoria upande wa Shirati, ambazo zilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime mpaka Wilaya ya Rorya ilipoundwa mwaka 2007, na katika kingo za Mto Mara unaopita kati ya Tarime na Serengeti, hukutana ndege wenyeji na ndege wageni. Wenyeji twawajua. Yupo furukombe mwenye kichwa cheupe, ambaye sauti yake husikika mbali juu ya maji. Yupo mnandi anayekausha mabawa yake juu ya jiwe, na yangeyange anayewafuata ng'ombe waendao kunywa, na mdiria anayesimama hewani kisha akajitosa majini. Na mto unapopanuka na kuwa kinamasi, yumo ndani ya mafunjo ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye karibu maisha yake yote huyaishi humo. Mafunjo yakichomwa yote, naye hana kwao.

Wageni ndio wanaotushangaza zaidi. Kuna vitwitwi wadogo wanaokimbia ukingoni mwa mawimbi, ambao baadhi yao huzaliana katika nchi za baridi za kaskazini kabisa ya Urusi. Kuna mbayuwayu wa Ulaya, ambao uzito wa kila mmoja ni gramu 20 hivi, sawa na vijiko vinne au vitano vidogo vya sukari, na ambao jioni hutua kwa wingi katika matete ili walale. Na huko kwenye mbuga za Serengeti, na mashambani palipo na viwavijeshi, kuna korongo weupe wenye miguu myekundu na mabawa yenye ukingo mweusi. Wote hao hufika kwetu makwao yakiwa yameingia majira ya baridi, nao hutuaga kati ya Februari na Aprili, miti ya Ulaya inapoanza kuchipua.

Korongo hao hawavuki bahari pana, kwa sababu huelea juu ya hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu, na juu ya bahari hewa hiyo haipo. Kwa hiyo hufuata njia ya nchi kavu: Sudani, bonde la Mto Nile, Sinai, kisha nchi takatifu yenyewe, halafu Uturuki, mpaka Poland na Ujerumani. Ndugu wapendwa, tafakarini jambo hilo. Korongo anayeokota viwavi katika shamba la Mugumu mwezi wa Machi, baada ya wiki chache huenda akapita juu ya bonde la Yordani. Bwana alipowaambia wanafunzi watazame juu, huenda nasaba ya ndege hawa hawa ndiyo iliyokuwa ikipita juu ya vichwa vyao.

Ni hao hao aliowaona nabii Yeremia. Katika sura ya nane ya kitabu chake analalamika kwa uchungu kwamba korongo huko angani anayafahamu majira yake, na hua na mbayuwayu huutunza wakati wao wa kurudi, lakini taifa la Mungu haliijui hukumu ya Bwana. Nabii hakusema hivyo kwa kusikia tu. Ni mtu aliyekuwa ametazama.

Hebu basi tujiulize: kutazama ni kufanya nini? Siku hizi vijana wetu wanazo simu zenye kamera, na wageni wanaokuja Serengeti huja na kamera zenye lenzi ndefu kama mkono. Mtu anayetaka picha njema ya ndege ufukweni hana budi kujifunza adabu fulani. Huja mapema, jua likiwa chini. Hukaa au hulala mchangani, asionekane mrefu. Hanyamazishi mdomo wake tu, bali mwili wake wote. Hamrushii ndege jiwe ili aruke apate kupendeza katika picha, wala hakisogelei kiota, kwa maana mzazi akitishwa huweza kuyaacha mayai. Zaidi ya yote, husubiri. Ndege haji kwa kuitwa. Huja akiona kwamba hapana hatari.

Mwaka 1892 huko Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai, mojawapo ya picha za kwanza kabisa za namna hiyo. Baadaye waligundua kwamba ndege humkimbia mtu lakini hamkimbii ng'ombe. Wakatengeneza dume la ng'ombe la bandia, wakalivika ngozi halisi, na mmoja wao akajificha tumboni mwake pamoja na kamera, akisubiri saa nyingi. Sisi watu wa Mara, tunaowajua ng'ombe tangu utoto, twaweza kucheka. Lakini mtu yule alikubali kuinama na kujisitiri katika ngozi ya mnyama ili kiumbe kidogo kisimwogope. Kutazama kwa kweli ndiko huko: kujishusha mpaka yule unayemtazama asikuogope tena.

Mkono nao una njia nyingine ya kumfikia ndege. Mwaka 1822 karibu na kijiji cha Klütz, Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe, na alipookotwa walikuta shingoni mwake mkuki wa Kiafrika, wenye urefu wa sentimita 80 hivi, uliopenya na kubaki humo. Wataalamu wa Ulaya walikuwa hawajakubaliana ndege huenda wapi wakati wa baridi; wengine walidhani hujificha matopeni. Mkuki ule ukawa ushahidi kwamba hufika Afrika. Korongo yule amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Wataalamu hufurahia elimu waliyoipata kwake. Sisi leo tutazame upande mwingine wa habari hiyo. Kiumbe yule alijeruhiwa ugenini, akasafiri maelfu ya kilomita na mkuki mwilini, kwa sababu majira ya kurudi kwao yalikuwa yamefika. Alistahimili mkuki ili arudi kwao, na kwao wakampokea kwa risasi.

Wapendwa katika Kristo, sasa twaomba mtufuate kwa utulivu, kwa maana neno linalofuata linazihusu nyumba zetu.

Tumesema kwamba ndege wa Ulaya hufika kwetu majira ya baridi ya kwao. Mwezi wa Desemba huwakuta wakiwa wamekwisha tulia. Katika mwezi huo huo wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, katika baadhi ya koo za Tarime na Serengeti huingia majira mengine, majira ya kuwakeketa wasichana. Hapo ndipo nasi huwa na viumbe wanaosafiri. Wasichana huondoka usiku, wengine bila viatu, wakipita mashambani na kuvuka vijito, mpaka wafike kituo cha polisi, au kwa mwalimu, au kwa masista, au katika nyumba salama kama ile ya Masanga wilayani Tarime na ile ya Mugumu wilayani Serengeti. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kuwa kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Mara wanawake wapatao 32 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, huku kwa Tanzania Bara na Visiwani kwa pamoja wakiwa 10 kati ya 100. Watoto hawakimbii jambo la zamani lililokwisha. Wanakimbia jambo lililo hai.

Yeremia angalikuwa kwetu, huenda angalisema: ndege wana majira yao, nanyi watu wa Mara mna majira yenu, lakini majira yenu hayo yamefundishwa na nani?

Kiswahili chetu nacho kinatufundisha jambo. Yuko ndege mkubwa wa ziwani, mweupe, mwenye mdomo mrefu na mfuko chini ya mdomo wa kuvulia samaki. Tunamwita mwari. Na kwa neno hilo hilo, mwari, Waswahili wamemwita tangu zamani msichana aliyefikia umri wa kuvunja ungo na kufundwa. Ndege mmoja, msichana mmoja, jina moja.

Sasa Kanisa limekuwa na mfano wa zamani juu ya ndege huyo. Wakristo wa kale walisimulia kwamba makinda ya mwari yakikosa chakula, mzazi hujitoboa kifua kwa mdomo wake, akayanywesha damu yake ili yaishi. Ndiyo maana katika makanisa mengi duniani mwari amechongwa kwenye altare na kwenye tabernakulo, na Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alimwita Bwana Yesu kwa jina la ndege huyo katika utenzi wake wa Ekaristi. Waliotazama kwa karibu wamejua kwamba mwari hajitoboi. Huukandamiza mdomo wake kifuani ili autapishe samaki kwa ajili ya makinda. Lakini mfano haukufa, kwa kuwa Yeye aliyefananishwa alijitoboa kweli, msalabani.

Angalieni vema damu katika mfano huo ni ya nani. Ni ya mzazi. Mzazi hutoka damu ili mtoto aishi. Hakuna mahali popote katika imani yetu ambapo mtoto hutakiwa kutoka damu ili mzazi apate heshima, au ili ng'ombe wa mahari wafike zizini. Hata Abrahamu alipokwisha kukiinua kisu juu ya mwanawe, ni Mungu mwenyewe aliyeuzuia mkono wake.

Hatusemi kwamba mila zote za wazee wetu ni mbaya. Kufundwa ni kuzuri. Msichana aambiwe na mama zake namna ya kuwa mtu mzima, apewe baraka za wazee, ale na kucheza na wenzake. Kambi za Masanga za mwezi Desemba zimeonyesha kwamba yote hayo huwezekana bila wembe. Kinachotakiwa kubaki ni mafundisho. Kinachotakiwa kuondoka ni kisu.

Na sasa ni Machi, ndege wanarudi makwao. Je, wale wasichana nao?

Katika vijiji vingi vya Poland na Ujerumani, wakulima wamekuwa na desturi ya kuweka gurudumu la zamani la mkokoteni juu ya paa au juu ya nguzo ndefu, likiwa limelala, ili korongo akirudi apate mahali pa kuweka kiota chake. Hawamfungi kamba. Hawamfuati Afrika kumlazimisha. Humwandalia mahali, kisha huinua macho. Korongo aliyetoka kwetu hufika huko mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili, akatua juu ya gurudumu lile.

Injili ya leo, katika sura ya 15 ya Luka, inasema kwamba baba alimwona mwanawe angali mbali. Ndugu zangu, mtu hawezi kumwona mwingine angali mbali kama hakuwa anatazama. Mzee yule alikuwa na mashamba, watumishi na ndama aliyenona. Alikuwa na mambo mengi ya kuyakodolea macho. Yeye aliitazama njia. Tena alikimbia, jambo ambalo mzee mwenye heshima halifanyi mbele ya watu, kama vile mtu mzima asivyolala mchangani wala kuingia tumboni mwa ng'ombe wa bandia. Upendo hauoni aibu kujishusha.

Lakini hapa pana tofauti moja ambayo hatuna budi kuitamka waziwazi, hasa ninyi makatekista mnapoifundisha Injili hii. Mwana mpotevu alikosa, naye akatubu. Msichana aliyekimbia kisu hakukosa lolote. Asiambiwe kwamba yeye ndiye mpotevu, wala asitakiwe kupiga magoti na kuomba msamaha kwa kuilinda afya aliyopewa na Mungu. Hapa anayeitwa kutubu siye mtoto aliyeikimbia nyumba, bali ni nyumba iliyokimbiwa.

Basi nyumba hutubu namna gani? Kwanza, baba na mama waende wenyewe, wafuatane na afisa ustawi wa jamii na viongozi wa kijiji, waseme mbele ya mashahidi kwamba kisu hakitamgusa, wala mwaka huu wala miaka ijayo. Ahadi isiyo na mashahidi ni kiota kisicho na gurudumu. Pili, wasubiri. Mtoto asivutwe mkono. Arudi atakapoona kwamba hapana hatari. Akitaka kukaa alipo mpaka amalize shule, na apewe ruhusa hiyo kwa moyo mweupe, apelekewe salamu, madaftari na sabuni. Tatu, akirudi, alindwe hata dhidi ya maneno. Yule ndugu mkubwa wa katika Injili yumo katika kila ukoo: ni shangazi anayekataa kula naye, ni kijana anayemwimbia nyimbo za dhihaka kisimani, ni mjomba anayelalamika kwamba ng'ombe wamepotea. Baba alitoka nje akamsihi mkubwa aingie. Hakumfukuza mdogo ili mkubwa aridhike.

Tunajua kwamba jambo hili si jepesi. Yako majumba ambamo baba angependa kumwacha binti yake salama, lakini anahofia kwamba ataambiwa hana sauti katika ukoo wake, au kwamba binti hataolewa. Baba wa namna hiyo tusimwache peke yake. Jumuiya ndogo ndogo zimeanzishwa kwa ajili ya saa kama hizo. Wanaume wanne watano wa jumuiya wakiketi naye, wakasema hadharani kwamba wana wao wataoa wasichana wasiokeketwa, mzigo wake hupungua kuliko kwa mahubiri kumi.

Na ninyi makatekista, tunawaomba mjifunze kazi ya watazamaji wa ndege. Wao huhesabu. Kila mwezi wa Januari, katika nchi nyingi za Afrika, watu huenda kwenye maziwa na vinamasi kuhesabu ndege wa majini, ili wajue nani amepungua. Ninyi nanyi mnazo orodha za komunyo ya kwanza na za kipaimara. Januari shule zinapofunguliwa, hesabuni. Ni nani aliyekuwapo Novemba na sasa hayupo? Ni nani amerudi lakini hatembei vizuri, hacheki, anakaa nyuma ya darasa? Msipige kelele, msimtishe kwa maswali mbele za watu. Mkaribieni kama mtu anayekaribia kiota. Kisha watafuteni sista, mwalimu, mganga, na ikibidi polisi, bila kuchelewa.

Ndugu wapendwa, jua likichomoza kesho Jumatatu, baadhi yenu mtakuwa mkichota maji mtoni, wengine mkivuta mitumbwi, wengine mkipalilia mahindi. Inueni macho. Mkiwaona korongo wakizunguka angani, wakipanda na hewa ya moto pasipo kupiga mabawa, jueni kwamba wanakwenda kwao, na kwamba huko kuna mtu aliyeandaa mahali. Kisha kila mmoja aitazame njia inayoelekea mlangoni pake, ajiulize kama mtoto angali mbali akiiona nyumba ile, atasimama au ataendelea kuja.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe uwatazamaye ndege wa angani na ambaye hapana aliye mbali na macho yako, uwaangalie mabinti wa Tarime na Serengeti waliolala leo mbali na mama zao. Uwape wazazi wetu macho yako, yanayotazama bila kujeruhi na kusubiri bila kuchoka. Uondoe visu mikononi mwetu, uzifanye nyumba zetu kuwa mahali pa kurudi, ili Pasaka itakapofika tuketi sote meza moja. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.